Maji Yaliyopewa Chuma

Gari lile halikuwa na tatizo la kukimbia. Tatizo lake lilikuwa kusimama.

Mguu ukiwa umekanyaga mafuta, liliimba kama siku lilipotoka kiwandani, enzi ambazo Mjomba bado alikuwa na nywele. Uondoe mguu, upunguze mwendo umpishe mbuzi, injini ilitetemeka, ikakohoa, ikafa. Mara ya kwanza lilizima kwenye kituo cha mafuta, wakacheka. Mara ya pili lilizima pale lami ilipoishia, wakacheka kwa adabu. Mara ya tatu hakuna aliyecheka, maana mbele yao hapakuwa na nyumba wala mti. Palikuwa na uwanda wa chumvi tu, mweupe, bapa, umekwenda mpaka ukagusana na mbingu. Na nyuma yao upepo ulikuwa umeanza kunyanyua vumbi.

"Lina maringo tu," alisema kaka mtu, ambaye karakana nzima ilimwita Rangi kwa sababu ya kazi yake. Alipuliza magari rangi tangu akiwa kijana, na kucha zake hazikuwahi kuwa na rangi moja. "Gari la zamani ni kama mama mkwe. Usimwoneshe kwamba unamwogopa."

"Mama mkwe wako akizima njiani, utamsukuma?" aliuliza dada yake kutoka kiti cha nyuma.

Mjomba, aliyekaa mbele na kofia magotini, alicheka mpaka akakohoa.

Dada mtu walimwita Sindano. Alishona viti vya magari, na viti walivyokalia vilikuwa kazi ya mikono yake: ngozi ya kahawia, mshono maradufu, nyuzi zilizopakwa nta moja moja. Gari lilikuwa la Mjomba. Lilikaa chini ya turubai uani kwake mpaka kuku wakalifanya kiota, ndipo wapwa zake wawili walipolichukua na kulifufua. Mji ulioko ng'ambo ya uwanda ulikuwa na onesho la magari ya kale, na Mjomba alitaka jambo moja tu kabla hajafa: aliendeshe mwenyewe mbele za watu, kidirisha kikiwa wazi, kiwiko nje.

Barabara ya kuzunguka uwanda ilikuwepo. Ndefu, lakini ilikuwepo, na malori yalipita huko. Rangi aliikataa. Barabara ile ilikuwa ya kokoto, na kokoto zingedonoa rangi yake ya kijani aliyoipuliza tabaka juu ya tabaka. Chumvi ni laini, alisema. Chumvi haina mawe. Mtu mwingine yeyote angeangalia ramani. Yeye aliangalia bampa.

Vumbi liliwafikia alasiri. Halikuja kama upepo, lilikuja kama ukuta. Jua likawa jekundu, kisha kahawia, kisha halikuwepo. Rangi alipunguza mwendo kwa sababu hakuona boneti yake mwenyewe, na gari, kama kawaida yake, likazima. Akaliwasha. Likazima. Akaliwasha na kukanyaga mafuta kwa nguvu lisife, likaruka mbele likinguruma, likaacha alama za matairi ya waliotangulia, walizokuwa wakizifuata. Hakuna aliyejua waliziacha wapi. Waliendelea hivyo kwa muda mrefu, injini ikipiga kelele kwenye gia ya kwanza, joto likipanda, mpaka sakafu ya chumvi ilipopasuka chini ya magurudumu ya nyuma kwa sauti ya sahani inayovunjika. Gari likakaa chini kama ng'ombe aliyechoka.

Rejeta ilikuwa ikifoka. Rangi alishuka, akafungua boneti, na kabla dada yake hajamaliza kusema "Subiri!" alikuwa ameshashika mfuniko kwa kitambaa na kuuzungusha. Maji yaliyochemka yalimrukia mkono wote, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Hakupiga kelele. Alikaa chini kwenye chumvi, akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Sindano aliufunga kwa kitambaa safi cha bitana alichokuwa nacho kwenye mkoba wa kazi. Kisha akafanya hesabu ambayo hakuna aliyemtuma aifanye. Dumu la maji ya kunywa lilikuwa moja. Rejeta ilikuwa tupu. Bila maji injini ingekwama, na bila injini wangebaki pale. Walipoza chuma, wakamimina dumu, na dumu halikutosha. Ilibidi wanaume wawili wageukie upande na kuchangia walichokuwa nacho mwilini. Mjomba alisema hajawahi kulihudumia gari kwa upendo namna ile. Kilichobaki cha kunywa kilikuwa chupa moja, tena haikujaa.

"Hiyo ni ya Mjomba," alisema Rangi.

"Ni ya Mjomba," alikubali Sindano.

Walilala garini, vioo vimefungwa, vumbi likikwaruza bati kama kucha za mtu anayetaka kuingia.

Asubuhi upepo ulikuwa umekufa. Kimya kilichobaki kilikuwa kibaya kuliko upepo. Hapakuwa na ndege wala nzi, hata jani la kutikisika halikuwepo. Mtu alisikia damu yake masikioni.

"Milima," alisema Mjomba kwa sauti kavu, akinyoosha kidole. Mbali sana, kwenye ukingo wa dunia, palikuwa na mstari mwembamba wa samawati, kama mtu ameuchora kwa penseli. "Chini ya milima ile wanachimba chumvi. Kuna watu. Itazameni sasa hivi. Jua likipanda, joto litaifuta."

Sindano hakusubiri. Alichukua jeki akaisimamisha karibu na gari, akatembea mbele, akachomeka pampu ya kupulizia matairi, vitu viwili vikiielekea milima kwenye mstari mmoja. Alipogeuka, milima ilikuwa imeshaanza kuyeyuka. Lakini upande wa pili, karibu zaidi, kitu kilimetameta.

"Gari!" alisema Rangi. "Dada, lile si gari?"

Lilikuwa gari. Walimwacha Mjomba kivulini, wakalifuata, na kadiri walivyolikaribia ndivyo furaha yao ilivyopungua. Kilichometameta kilikuwa kioo cha mbele. Mengine yote yalikuwa kutu. Chumvi ilikuwa imekula milango mpaka ukaweza kuona upande wa pili, na magurudumu yalizama hadi katikati. Boneti ilikuwa wazi. Juu ya bawa la mbele palikuwa na kitambaa, kimekauka kikawa kama karatasi, na juu yake spana zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kama fundi ameenda kunywa chai na anarudi. Kando yake madumu mawili, yamegeuzwa midomo chini.

Hapakuwa na mifupa. Sindano alizunguka gari lote akiitafuta, na kutoiona kulimtisha zaidi.

"Waliondoka kwa miguu," alisema Rangi. "Basi na sisi tunaweza. Milima si mbali."

"Walifika?"

"Nitajuaje?"

"Mtu aliyefika," alisema Sindano, "hurudi kuchukua spana zake."

Walirudi, na Rangi aliangalia nyuma mara kwa mara, kana kwamba gari lile lilikuwa likiwafuata.

Walijaribu kutoka. Betri ilikuwa imekwisha kwa kuwashawasha kwa jana, lakini gari la zamani lina faida zake: mbele, chini ya bampa, kulikuwa na tundu la hendeli. Rangi alikaa kwenye usukani, mkono mmoja umefungwa, mguu kwenye mafuta. Sindano akazungusha hendeli mpaka mabega yakawaka. Injini ikashika, ikanguruma. Rangi, akiogopa isizime, akakanyaga zaidi. Alipoachia klachi magurudumu yakapiga chini kwa pupa, yakarusha matope ya chumvi yenye kunata kama gundi, na gari likazama kidole kingine.

"Polepole!" alipiga kelele Sindano.

"Nikienda polepole linazima!"

Hapo ndipo Sindano alipoielewa hatari yao yote, kwa uwazi kama maandishi ukutani. Sakafu ile ilitaka gari linyate. Litoke taratibu, injini ikivuta kwa sauti ya chini, magurudumu yakizunguka kwa shida. Na hicho ndicho kitu pekee ambacho gari lao halikukiweza. Lilijua kukimbia au kufa. Lisipofundishwa kupumua limesimama, lingejichimbia kaburi kwa kelele zake lenyewe.

"Iko skrubu ya kuongeza mngurumo likisimama," alisema.

"Nilishaijaribu kule kwenye lami. Imeganda."

"Imegandaje?"

Rangi aliangalia chini. "Niliipulizia."

Alikuwa amepulizia kila kitu. Chini ya boneti ile hapakuwa na chuma kilichobaki uchi. Kabureta, mabomba, nati, vyote viling'aa kijani na fedha kama vyombo vya harusi. Skrubu ile na mahali ilipokaa vilikuwa kitu kimoja.

Mjomba alikuwa ameanza kuongea peke yake. Midomo yake ilipasuka, ulimi ulikuwa mzito. Alimwita Sindano kwa jina la mama yake, akamuuliza kama kuku wameingizwa. Sindano alimlowesha midomo kwa kitambaa. Mzee alikinyonya kama mtoto.

"Tuwashe tena," alimwambia kaka yake. "Safari hii likitaka kuzima, liache lizime. Nataka kusikiliza."

"Usikilize nini?"

"Namna linavyokufa."

Akazungusha hendeli. Injini ikashika, Rangi akaondoa mguu. Mngurumo ukashuka, ukayumba, na katika pumzi zile za mwisho, kwenye kimya kile ambacho hakuna barabara wala karakana ingeweza kumpa, Sindano alisikia sauti anayoijua. *Sssss.* Nyembamba. Kisha injini ikafa na sauti ikafa nayo.

Ilikuwa sauti ya kompresa. Kila siku ya kazi aliisikia kutoka upande wa kaka yake wa karakana: mpira wa upepo umetoboka mahali, upepo unavuja, bunduki ya rangi inatema mate. Na kila fundi rangi anajua dawa yake. Unapaka maji ya sabuni juu ya mpira. Penye mapovu ndipo penye tundu.

"Kuna upepo unaingia," alisema. "Injini inavuta hewa mahali isipopaswa. Likiwa mbio linavuta nyingi, wizi mdogo haulisumbui. Likisimama linavuta kidogo, na hicho kidogo hewa ya wizi inakiharibu. Ndiyo maana linachemka pia. Petroli haitoshi kwa hewa yote hiyo."

Rangi alifikiri. Alikuwa na maringo lakini hakuwa mjinga. "Mpira wa kompresa unatoa upepo nje, unaona mapovu. Hii inavuta ndani. Mapovu utayaona wapi?"

"Sitayaona. Nitayasikia. Tone likiangukia tundu, litavutwa, litaliziba kidogo, na sauti itabadilika."

"Tone la nini?"

Kaka yake alifuata macho yake mpaka kwenye chupa iliyokuwa pembeni ya kiti cha Mjomba.

"Hapana," alisema Rangi. "Hapana, dada. Tumia petroli."

"Juu ya chuma cha moto? Unataka tuonekane kutoka mbali?"

"Oili basi."

"Kipimo cha oili kimeshatoka kikavu. Na ni nzito, itaziba kila mahali nisijue ni wapi. Rejeta tukiipunguza tunaua injini. Na mkojo," alisema, bila kucheka, "kama unao, ulete."

Hakuwa nao. Hakuna aliyekuwa nao tangu alfajiri.

"Ile ni ya Mjomba. Ulikubali mwenyewe."

"Akiinywa, ataishi mpaka jioni. Halafu?"

"Halafu watu watatutafuta!"

"Nani anajua tuko huku, kaka? Kila mtu anajua kuna barabara."

Rangi aliketi kwenye usukani, akaweka mguu juu ya mafuta, na kutazama mbele.

Sindano aliitoa chupa chini ya mkono wa Mjomba. Mzee alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile macho yale yalikuwa safi kabisa. Alimjua ni nani.

"Maji, mwanangu."

"Bado kidogo, Mjomba."

"Naomba maji."

"Bado, Mjomba."

Alirudi mbele ya gari na kuzungusha hendeli. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ilimrudishia nguvu mkononi, ikamtupa goti chini. Ikashika. Rangi akaishikilia kwa ncha ya mguu, pale pembezoni pa kuzima, na Sindano akainama juu ya injini na uzi wa pamba usio na nta, ncha moja ndani ya chupa, ncha nyingine juu ya chuma. Maji yaliteremka kwenye uzi, tone baada ya tone.

Alianza pale kabureta inapokaa juu ya bomba la hewa. Matone yalizunguka maungio yote, yakachemka, yakatoweka kwa mvuke. Sauti haikubadilika. Akaenda pale bomba linapogawanyika kuelekea injini, ungio la kwanza, la pili, la mwisho. Hakuna kitu. Chupa ilipungua. Kupitia kioo cha mbele, chini ya boneti iliyoinuliwa, alimwona Mjomba akimtazama, mkono umenyooshwa, kiganja wazi juu ya dashibodi. Hakuwa anaongea tena. Alihesabu matone kwa macho.

Injini ikazima. Akazungusha tena. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na ni kutetemeka huko kulikomsaidia, maana uzi uliruka na tone likaanguka mahali ambapo hakupakusudia: juu ya kijibomba kifupi kilichochomoza ubavuni, mwisho wake mviringo, kijani, laini, kimefungwa kama ncha ya kidole. Kilionekana chuma kizima, kisicho na tundu.

Tone halikuteleza. Halikuchemka. Lilinywewa.

Na kwa muda mfupi kama kukonyeza, injini ilitulia.

"Umefanya nini?" alipiga kelele Rangi kutoka ndani. "Imekaa! Umefanya nini?"

Chupani palikuwa pamebaki maji ya kumeza mara moja. Sindano aliyatazama. Akamtazama Mjomba. Lingeweza kuwa tone la bahati. Injini mbovu hutulia na kuyumba yenyewe. Kama angekosea sasa, angetoboa chuma kizima na kuwamaliza. Alitaka kuwa na hakika. Kiganja cha Mjomba kilikuwa bado wazi.

Aliyamimina yote juu ya kijibomba.

Kilikunywa. Injini ikashuka, ikashika, ikanguruma kwa sauti ya chini, sawasawa, kama paka kwenye mkeka. Kisha maji yakaisha, *sssss*, ikayumba, ikafa.

Alichukua sindano yake kubwa iliyopinda, ile ya kushonea springi za viti, akaichoma kwenye ule mwisho wa kijani. Rangi ilipasuka kama ganda la yai. Ndani hapakuwa na chuma. Palikuwa na tepu ya karatasi, na ndani ya tepu donge la gazeti lililokaukiana na kuungua pembeni, limepasuka katikati.

Rangi alikuwa amekuja kusimama karibu naye. Alilijua donge lile. Zamani wipa za gari lile zilivutwa na pumzi ya injini kupitia bomba hilo. Yeye aliweka mota ya umeme, akatoa mpira wa zamani, na kabla ya kupuliza akaliziba tundu kama fundi rangi anavyoziba kila tundu.

"Nilisema nitarudi kuliziba vizuri," alisema.

"Ulirudi na rangi."

Hapakuwa na muda wa zaidi. Sindano alivua ndala yake ya kulia, akakata kipande cha soli kwa kisu cha ngozi, akakichonga kikawa kizibo kipana kidogo kuliko tundu. Akakigongea ndani kwa mpini wa spana. Akapitisha uzi wa nta juu yake na kuuzungusha shingoni mwa bomba, mara nyingi, akiuvuta kwa meno mpaka ukaimba.

Kisha akaingia garini na kisu kilekile, akachana viti. Mshono maradufu, ngozi ya kahawia, miezi ya kazi yake; aliikata kwa vipande virefu bila kuchagua mahali. Rangi alimsaidia kuvitandika chini ya magurudumu, ngozi juu ya matope, kwa mkono wake mmoja. Mzee walimlaza nyuma, juu ya springi tupu na turubai.

Safari hii hendeli ilipozunguka, injini ilishika na Rangi akaondoa mguu. Walisubiri. Ilipumua. Hakuna mguu uliokanyaga kitu, na ilipumua.

"Sasa nyata," alisema Sindano. "Kama unatoka chumba chenye mtoto aliyelala."

Klachi ikapanda taratibu. Magurudumu yakakanyaga ngozi, yakasita, yakazunguka robo, nusu. Chini yao sakafu ililia, mlio mrefu wa kupasuka uliokwenda mbali, na Sindano, akisukuma kutoka nyuma, alihisi maji ya matope yakimpanda kwenye kifundo cha mguu usio na ndala. Gari lilipanda. Likatoka. Alikimbia kando yake na kuruka ndani likiwa linatembea, kwa sababu hata sasa hawakuthubutu kulisimamisha.

Milima ilikuwa imefutika kitambo. Walipita kando ya jeki, wakapita kando ya pampu, na baada ya hapo hapakuwa na kitu ila weupe. Sindano alikaa amegeuka nyuma, akitazama alama za matairi yao wenyewe. "Unapinda kulia," alisema. "Bado. Sawa. Unapinda tena." Jua lilipita utosini. Mara mbili sakafu ilianza kulia chini yao, na mara zote mbili Rangi alipunguza mwendo badala ya kuongeza, na gari lilimkubalia. Mzee hakuwa akisema lolote. Mara kwa mara Sindano alimwekea kiganja mbele ya pua. Hewa ilikuwepo, kidogo, ya moto.

Rundo la kwanza la chumvi lilipotokea walidhani ni wingu. Kisha wakaona lori, na wanaume wenye majembe, na mmoja wao akatupa jembe chini na kuanza kukimbia kuwaelekea.

"Zima gari!" alipaza sauti dereva wa lori. "Zima, mnavujisha rejeta!"

Rangi hakulizima. Alikaa ameshikilia usukani, machozi yakichora mistari kwenye vumbi la uso wake, akisikiliza.

*

Zahanati ilikuwa na vyumba viwili na feni moja, na feni walimpa Mjomba. Dripu ilishuka mkononi mwake tone baada ya tone, na Sindano alishindwa kuitazama. Daktari alisema figo zimeumia. Huenda zikarudi, huenda zisirudi zote. Mke wa Mjomba alikuwa amefika kwa barabara ya kokoto, kwenye basi, hana hata mkwaruzo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda na hakumpa Sindano mkono.

Rangi alisimama mlangoni, bandeji mpya hadi begani. Alikuwa amemweleza mke wa Mjomba habari za dhoruba, habari za kukwama, habari za chupa. Kwenye habari za gazeti na tepu hakuwa amefika bado.

"Anataka kusema na wewe," alisema mke wa Mjomba.

Sindano alisogea. Mguu mmoja ulipiga sakafu kwa ndala, mwingine kwa nyayo tupu.

Mjomba alikuwa mdogo kuliko alivyomjua. Shuka lilimmeza. Lakini macho yalikuwa yaleyale aliyoyaona kupitia kioo.

"Nilikuomba maji," alisema.

"Uliniomba, Mjomba."

"Nilikuomba mara mbili. Nimekubeba mgongoni ukiwa huwezi kutembea. Nikakuomba maji, ukayapa chuma."

"Ndiyo, Mjomba."

"Na ya mwisho. Nilikuona. Yale ya mwisho ungeweza kunipa."

"Ningeweza."

Mke wa Mjomba alishika mdomo. Feni iligeuka, ikarudi.

"Dada," alisema Rangi kwa sauti ya chini. "Muombe radhi mzee, yaishe. Neno moja tu."

Sindano alimtazama kaka yake mpaka Rangi akaangalia sakafu. Mfukoni, vidole vya Sindano viligusa donge la gazeti lenye ganda la kijani. Aliliacha hapohapo. Hilo lilikuwa la Rangi kulisema.

Nje, mtu alikuwa ameliwasha gari kwa hendeli ili alisogeze kivulini. Lilishika mara moja. Kisha mlango ukafungwa, hatua zikaondoka, na hapakuwa na mtu ndani yake. Lilinguruma peke yake uani, kwa sauti ya chini, sawasawa, halitetemeki. Mjomba alilisikia. Wote walilisikia. Kidole kimoja cha mzee juu ya shuka kilianza kufuata mapigo ya injini, kisha kikajizuia.

"Nasubiri," alisema mzee.

"Nakuheshimu, Mjomba," alisema Sindano. "Nitakuosha, nitakupikia, nitakaa hapa mpaka figo zako ziamue zinataka nini. Maji yale niliyamwaga nikijua ni ya nani, na nilikuwa nakutazama usoni nilipoyamwaga. Yangerudi leo kwenye chupa ileile, ningeyamwaga tena, mpaka tone la mwisho. Radhi siombi."